Sitara ya Asiyeona



Wiki hii napenda tuzungumze juu ya sitara, na sikusudii ile ya nguo wala ya kuta za nyumba. Nakusudia sitara ya karatasi. Kila mmoja wetu anazo karatasi zake: majibu ya vipimo vya hospitali, taarifa ya benki, hati ya talaka, wasia wa mzazi. Mwenye macho huifungua barua yake chumbani, akaisoma, akaikunja, akaamua mwenyewe nani aambiwe na nani asiambiwe. Asiyeona hana budi kumtafuta msomaji, na msomaji huyo, awe mwema namna gani, amekwisha kujua. Mama anayesomewa majibu ya maradhi yake na mtoto wa jirani, au mke anayesomewa barua ya mumewe na wifi yake, siri yake imeshatoka nje kabla hajapata hata nafasi ya kuitafakari.

Dawa ya jambo hili ipo, tena imo mikononi mwetu. Kisoma skrini ni programu inayoyatamka kwa sauti maandishi yaliyomo katika kompyuta au simu. Asiyeona hatumii kipanya. Huenda kwa vitufe vya kibodi, akisikia kila herufi, neno au mstari anaoufikia. Akivaa spika za masikioni hakuna mwingine anayesikia. Zamani programu hizi zilikuwa ghali mno, hata bei ya moja iliweza kuzidi bei ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006, huko Australia, kijana asiyeona aitwaye Michael Curran alianza kuunda ya kwake, kisha akashirikiana na mwenziwe James Teh, ambaye pia haoni. Waliiita NVDA na wakaitoa bure. Hadi leo ni bure kwa kompyuta za Windows, na yaweza kubebwa katika flashi ikafunguliwa katika kompyuta yoyote bila kusakinishwa. Simu nyingi za Android huja na TalkBack ndani yake, na iPhone huja na VoiceOver.

Ikiwa dawa ipo, kwa nini mama yule bado anasomewa na jirani? Mara nyingi sababu ni sisi tunaoandika.

Kisoma skrini husoma maandishi. Picha ya maandishi kwake ni picha tu. Tangazo la darsa ya akina mama likiandikwa kwenye karatasi, likapigwa picha na kutumwa WhatsApp, asiyeona huambiwa kwamba imefika picha, basi. Saa, mahali na jina la mwalimu vimempita. Yatosha kuyaandika maneno yale yale chini ya picha. Hali ni hiyo hiyo kwa faili ya PDF iliyotokana na karatasi iliyopitishwa kwenye skana: kwa macho ni barua kamili, kwa masikio ni ukurasa mtupu. Ni kweli kwamba ziko njia za kuitoa herufi ndani ya picha, na NVDA yenyewe inao uwezo huo. Lakini mwandiko wa mkono, mhuri uliokaa juu ya maneno na karatasi iliyokunjika huipotosha, na tarakimu moja ikikosewa katika kipimo cha dawa au katika fungu la mirathi, hilo si dogo.

Sasa tuje kwa wanaoandika mambo marefu: walimu wa madrasa, makatibu wa kamati na wa vyama vya akina mama. Chukulia muhtasari wa fiqhi wa kurasa arobaini, wenye tohara, swala, zaka, saumu na hija. Mwenye macho hupekua haraka akitafuta maneno makubwa meusi. Mashine haielewi kwamba weusi na ukubwa wa herufi maana yake ni kichwa cha mlango, mpaka iambiwe. Kuiambia ni kazi ya nukta moja. Katika Microsoft Word, weka kishale kwenye mstari wa kichwa, ubonyeze Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Kwa kichwa kidogo kilicho chini yake, tumia 2 badala ya 1. Umbo lisipokupendeza, unaweza kubadili rangi na ukubwa upendavyo, alama yake itabaki. Msomaji wa NVDA atabonyeza kitufe cha NVDA pamoja na nafasi, kisha kila akibonyeza H anaruka kutoka kichwa hadi kichwa, na kwa pigo chache amefika kwenye saumu. Bila alama hizo, anayetaka hukumu ya mwenye mimba katika Ramadhani huenda akaisikiliza tohara yote kwanza.

Yako mengine madogo yanayochosha. Mistari mitupu kumi iliyopigwa ili kuvuka ukurasa husikika kama neno tupu, tupu, tupu. Kipo kitenganishi cha ukurasa, Ctrl na Enter. Fomu za kuandikisha watoto zilizojaa vistari virefu vya kujazia humfanya msomaji asikie jina la alama badala ya swali. Maneno yaliyotiwa ndani ya visanduku vinavyoelea, kama tupendavyo katika kadi za mialiko ya harusi, mara husomwa nje ya mpangilio, mara hayasomwi kabisa. Jedwali la michango liwe jedwali la kweli, lenye safu ya vichwa juu, lisiwe nambari zilizopangwa kwa kubonyeza nafasi.

Kisha kuna lugha. Faili ikiwa imewekwa alama ya Kiingereza, mashine yaweza kukisoma Kiswahili chetu kwa ulimi wa Kizungu: maneno kama wake, pole na mate yakageuka kitu kingine. Teua maandishi yote uyawekee lugha ya Kiswahili. Sauti ya Kiswahili inayokuja na NVDA ni kavu, haina utamu hata kidogo, lakini inaeleweka, na wanaoizoea huiendesha kwa kasi ambayo sisi wengine hatuwezi kuifuata.

Kuhusu Qur'ani nina neno. Wengi wetu hubandika aya kama picha kwa kuogopa herufi zisiharibike. Basi katika maelezo ya picha, mahali ambapo Word inakuruhusu kuieleza, andika jina la sura, nambari ya aya na maana yake, ili msomaji asiachwe na neno "picha" katikati ya hoja. Lakini mtu asijifunze kisomo kwa sauti ya mashine. Makharija hupokewa kinywani mwa mwalimu, na umma huu umekuwa na mahafidhi wasioona tangu kale, wakiipokea kwa masikio kutoka kwa walimu wao.

Nimewahi kuulizwa, ni wangapi wasioona katika mtaa hata tujisumbue hivi? Abdullah bin Umm Maktum alikuwa mtu mmoja, na Surat Abasa ikateremka kwa ajili yake. Mtu huyo huyo alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.), na aliachwa Madina kuwa naibu wake Mtume alipotoka safari. Tena tusiwasahau wazee wetu ambao macho yao yamepungua kwa sukari au kwa mtoto wa jicho, nao watanufaika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, ni ya kuandika deni, na ndani yake mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu. Kwa maoni yangu, waraka unaomhusu asiyeona na asioweza kuusoma mwenyewe, hali njia ya kumwezesha ipo na ni nyepesi, una upungufu katika uadilifu huo.

Kwa makatibu wa kamati, basi: barua yenye saini na mhuri ikipigwa skana kwa ajili ya kumbukumbu, itumwe pamoja na faili yake ya Word. Mkigeuza Word kuwa PDF, tumieni njia ya kuhifadhi faili, msitumie ile ya kuchapisha, kwa sababu hiyo ya pili hupoteza alama za vichwa. Na kabla ya kutuma, fungueni NVDA, zimeni mwanga wa skrini, kisha mwambieni mmoja wenu aitafute tarehe ya mkutano kwa masikio.