Likizo Nayo ni Shule

Kila shule zinapofungwa huzuka malalamiko yale yale. Wazazi wa mijini husema watoto wamejaa barabarani, walimu husema masomo yatasahauliwa, na mwisho hutokea mtu akatoa shauri kwamba ingefaa watoto wasome mwaka mzima, wapumzike siku chache chache tu. Shauri hilo si la kupuuzwa. Walakini kabla hatujalishangilia, yafaa tuwatazame ndugu zetu wa Meru na Embu, ambao pamoja na Kenya nzima waliwahi kuionja ratiba isiyopumzika, nasi tupime faida na hasara yake.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Huko Marekani, shule zifuatazo mtindo huo hazizidishi siku za masomo. Ratiba moja inayojulikana sana ni ya siku 45 za kusoma na siku 15 za kupumzika, kisha mzunguko huanza tena. Siku za darasani hubaki karibu 180 kwa mwaka. Kilichobadilika ni likizo ndefu ya miezi ya joto, ambayo hukatwa vipande vipande. Mji wa Los Angeles uliishika ratiba ya mwaka mzima kwa miaka mingi kwa sababu shule zake zilifurika. Wanafunzi waligawanywa makundi, hili likiingia lile likitoka. Zilipojengwa shule mpya, mtindo huo ukaachwa.

Sisi Kenya hatuna likizo ndefu ya namna hiyo. Mwaka wetu una mihula 3, na mapumziko ya Aprili, ya Agosti, na yale marefu ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo anayetaka likizo zigawanywe tayari anazo zilizogawanywa. Akitaka zaidi ya hapo, ataka zipunguzwe.

Na kupunguzwa tumekuona. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na madarasa yote hayakurudi mpaka Januari 2021. Ili kufidia, Wizara ya Elimu iliipanga mihula kwa kuifuatanisha. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza tarehe 26 Julai 2021 ukaisha Machi 2022. Wa 2022 ukaanza Aprili ukaisha Novemba. Mara nyingi kati ya muhula na muhula palikuwa na juma moja tu au zaidi kidogo. Mambo yalirudi kawaida Januari 2023.

Sasa twende Meru na Embu. Msomaji wa Mombasa au Malindi akisikia jina la Embu pengine hukumbuka muguka, na mabishano ya Mei 2024 wakati kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza marufuku yake. Lakini wakulima wengi wa miteremko ya Mlima Kenya huishi kwa kahawa, na kahawa ina majira yake. Mavuno makubwa kwa kawaida huwa kati ya Oktoba na Desemba. Buni ikiiva haingoji. Huchumwa na kupelekwa kiwandani siku hiyo hiyo. Tena mkulima halipwi akishusha gunia. Chama cha ushirika hungoja kahawa iuzwe, na fedha huja baada ya miezi. Mzazi wa namna hii huipanga karo ya mwanawe kwa mwaka, kama baharia anavyoipanga safari kwa kusi na kaskazi. Miaka miwili ya shule iliposongamana, karo ziligongana, na mti wa kahawa haukuongeza hata tunda moja. Serikali ilipunguza karo ya shule za kitaifa kutoka shilingi 53,554 hadi 45,054, na hilo lilisaidia. Lakini nafuu hiyo haikuyasogeza mavuno.

La pili ni kubwa zaidi. Kwetu pwani mtoto wa kiume hutahiriwa angali mdogo. Kwa Wameru na Waembu tohara ni mlango wa utu uzima. Hapo kale kijana wa Kimeru aliingia gaaru, nyumba ya vijana, akafundishwa adabu, ushujaa na heshima ya wazee. Gaaru zimekwisha, lakini mafunzo yalipata makao mapya: likizo ya Desemba, baada ya mtoto kumaliza shule ya msingi. Ndipo wari hukaa faraghani kwa majuma kadhaa, wajomba hurejea kutoka Nairobi, na vijana wa sekondari huwa walezi wao. Makanisa nayo hukusanya wavulana wakati huo kwa mafunzo. Sasa tazama: mtihani wa darasa la nane wa 2020 ulifanywa Machi 2021, na ule wa 2021 ukafanywa Machi 2022. Msimu ukahama. Mitihani ya mwisho wa 2022 ilipofika, Desemba ikarudi mahali pake, lakini mafungu mawili ya vijana yalikuwa yamekwisha kupita mlangoni bila ya jamaa zao wote kuwapo.

Na darasani kwenyewe, je, watoto walifaidika? Walimaliza mihtasari, hatukatai. Lakini mwishoni mwa 2021 shule nyingi za bweni nchini zilichomwa moto, na wengi walitaja uchovu wa ratiba hiyo. Novemba ile ile Wizara ililazimika kutoa siku chache za mapumziko katikati ya muhula.

Atatokea wa kunijibu: mbona zile siku nyingi za 2020 zilileta balaa? Kweli zilileta. Huko Igembe wako wavulana walioacha vitabu wakashika kazi ya kuchuma miraa, na miraa, tofauti na kahawa, haina msimu. Kila siku kuna kuchuma na kila siku kuna senti. Wako wasichana waliorudi na mimba. Na wapo wanaoitumia likizo kwa siri kuwakeketa binti zao, jambo lililoharamishwa kwa sheria mwaka 2011. Haya yote hayanionyeshi kuwa likizo ni mbaya. Yanionyesha kuwa likizo ni shule, na shule isiyo na mwalimu huharibu. Mwalimu wa shule hii ni mzazi, mjomba, mzee wa mtaa.

Sisi Waislamu wa pwani hapa hatuna budi kujitazama. Mtoto wetu ana vyuo viwili. Asubuhi ni wa serikali. Jioni na mwisho wa juma ni wa Kurani. Wakati wa likizo ndipo juzuu husogea. Ratiba ile ya haraka ilipofungua shule tarehe 10 Mei 2021, tulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, Idd imebakia siku chache; watoto wa bweni wakafunga virago. Mwezi wetu husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Wanaopanga mihula wanaweza kulihesabu jambo hilo mapema, kama wanavyoweza kuyahesabu mavuno ya Embu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Mihula 3 ibaki, na likizo ya Desemba isiguswe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Na itimizwe, maana kuna shule zinazoirudisha ratiba ya mwaka mzima kwa mlango wa nyuma, tena kwa malipo. Nasi wazazi tusiidai likizo kisha tukamwachia mtoto barabara. Mmeru ampe mwanawe mlezi, nasi tumpeleke wetu chuoni, tumfundishe na kazi ya mikono. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haujui kufunga shule.