Macho ya Umati na Bei ya Hisa



Soko la hisa halitikiswi na vita wala ukame peke yake. Hutikiswa pia na macho ya watu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, sawa na robo ya kampuni, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Maombi yalifikia zaidi ya mara 4 ya hisa zilizokuwapo, na wako waliokopa benki kwa riba ili wasipitwe. Biashara ya hisa hizo ilipoanza jijini Nairobi tarehe 9 Juni, bei ilipita shilingi 7. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3.

Msukosuko wa fedha duniani ulichangia anguko hilo, lakini iko sababu nyingine. Mnunuzi mdogo aweza kununua hisa yoyote aliyoisikia, ilhali hawezi kuuza ila aliyo nayo. Kwa hiyo kampuni inapovuma, wanunuzi huzidi wauzaji, na bei huipita thamani ya biashara yenyewe. Uvumi ukipoa, wanunuzi wapya hukosekana. Na hofu ikienea, wote huukimbilia mlango mmoja.

Dini yetu ilikwisha tahadharisha. Mtume (S.A.W.) alikataza najash, yaani kupandisha bei ya bidhaa bila ya nia ya kuinunua, ili wengine wahadaike. Na Surat al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuifuata, tusije tukajuta.

Kununua hisa za kampuni yenye biashara ya halali ni ushirika, na wanazuoni wengi wa zama zetu wameuruhusu kwa masharti. Lakini anayenunua kwa kuwa jirani amenunua, asijue kampuni ina madeni kiasi gani, anaukaribia mlango wa kamari. Waliostahamili waliona bei ikipita shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikashuka tena. Aliyekopa hakuweza kungoja, kwani deni halingoji.

Basi kabla ya kutoa akiba ya watoto, mume na mke waulizane: Kampuni hii yachuma kwa njia gani? Fedha hizi ni zetu au ni za deni? Lau hakuna anayeitaja, tungeinunua? Likikosekana jibu la hata swali moja, heri akiba ikae.

Wabillahi tawfiq.