Majina ya Askari wa Keya Yako Wapi?

Wenye kututawala walituachia vitabu vya majeshi yao. Kila bataliani ina sifa zake, kila pigano lina ramani yake, na kila ofisa wa Kizungu aliyeanguka ana kaburi lenye jina, cheo na tarehe. Keya nayo ina kitabu chake. Kilitolewa Uingereza mwaka 1956, mwandishi wake H. Moyse-Bartlett, nacho ni kitabu kinene chenye mengi ya kweli. Hatusemi kwamba kimedanganya. Twasema kwamba ofisa huandika yale aonayo ofisa. Sauti ya yule aliyebeba bunduki, na ya yule aliyembebea risasi kichwani, twaitafuta humo kwa taa.

Ndugu wasomaji, tusidhani kwamba hili ni jambo la wazee la kupitishia wakati barazani. Ni jambo la haki. Asiyeandikwa hadaiwi wala hadai.

Keya iliundwa mwaka 1902, vikosi vya Waingereza vya Afrika ya Mashariki na ya Kati vilipounganishwa kuwa jeshi moja. Vita vya 1914 vilipoanza ilikuwa na bataliani 3 tu. Novemba ya mwaka ule Waingereza walileta askari kutoka Uhindi kuiteka Tanga, wakapigwa na kurudi melini. Ndipo walipojua kwamba nchi hii haitapiganiwa bila Mwafrika. Mwaka 1918 Keya ilikuwa na bataliani 22. Na upande wa pili, jeshi la Lettow-Vorbeck lilisimama kwa migongo ya Waafrika vile vile, mpaka liliposalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba, 1918. Waafrika waliuana kwa amri za wafalme wawili wa Ulaya ambao hawakupata kuwaona kwa macho. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Na nyasi hizo zilikuwa nani? Zilikuwa wapagazi. Leo mtu hununua nyanya na kanga Kariakoo ya Dar es Salaam bila kukumbuka kwamba jina lile latokana na kambi ya jeshi la wapagazi wa Waingereza. Nairobi nako kuna jina hilo hilo. Wapagazi walitolewa vijijini, wengi kwa nguvu, kwa sheria na kwa askari wa machifu. Gari lilikwama matopeni, punda na farasi walikufa kwa mbung'o, mtu akawekwa mahali pa punda. Risasi ziliwaua wachache. Waliowamaliza ni kuhara damu, malaria, baridi ya mvua na chakula wasichokizoea. Hata kwa hesabu ya serikali ile ile iliyowachukua, waliokufa walizidi 40,000, na wengi wa wanaochunguza mambo haya husema hesabu hiyo ni ndogo mno.

Sasa tazameni. Mwaka 1917 Waingereza waliunda halmashauri ya kutunza makaburi ya vita, na kanuni yake ikawa kwamba wote waliokufa wataheshimiwa sawasawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Maneno mazuri! Miaka zaidi ya 100 ikapita. Mwezi wa Aprili, 2021, halmashauri hiyo hiyo ilitoa ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza alisimama Bungeni akaomba radhi.

Radhi tumeisikia. Lakini radhi haina majina.

Kuna wasemao ati majina hayakuweza kuandikwa, kwa kuwa watu walikuwa wengi na nchi ilikuwa pori. Hoja hii haisimami. Mpagazi alipochukuliwa aliandikwa daftarini akapewa namba, maana bila hivyo asingelipwa wala asingesakwa akitoroka. Serikali iliyoweza kumwandika mtu ili imkamate, yawezaje kusema haikuweza kumwandika ili imzike? Tena vita vya 1939 hadi 1945 vilipokwisha, Waafrika wengi waliokufa waliandikwa majina yao katika kumbukumbu za Nairobi na za Burma. Kumbe yawezekana! Kilichokosekana mara ya kwanza si wino. Ni nia. Na hasara haikuwa ya heshima tu: mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Mjane alikosa mume, kaburi, na hata ujira.

Nenda katikati ya Dar es Salaam ukaitazame ile sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake, ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la aliyekufa. Zunguka sanamu pande zote. Jina lenyewe halipo hata moja.

Katika vita vya Hitla, vijana wetu walipelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Mwaka ule ule, tarehe 12 Februari, meli Khedive Ismail ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Regimenti ya 301 ya Afrika ya Mashariki. Ni watoto wangapi wa shule zetu waijuao meli hii? Na waliorudi salama walipewa kiinua mgongo kwa rangi ya ngozi: Mwafrika alipata kama theluthi ya alichopata Mzungu wa cheo kile kile. Risasi ya Mjapani haikuuliza rangi. Karani wa malipo aliuliza.

Wako ndugu zetu wasemao: Waacheni hao, walikuwa vibaraka wa mkoloni. Twawajibu. Ni kweli kwamba Keya ilitumiwa kuwapiga Waafrika, na baada ya 1952 ilitumiwa Kenya dhidi ya wapigania uhuru wa misituni. Historia ya kweli haina budi kuyataja hayo bila kuficha. Lakini Waruhiu Itote, Jenerali China wa msituni, alijifunza bunduki wapi? Katika Keya, huko Burma. Bildad Kaggia alitoka wapi? Katika jeshi hilo hilo la Mwingereza. Jeshi moja lilitoa mlinzi wa mkoloni na mpinzani wa mkoloni. Tukiifunika habari yake tutawapoteza wote wawili.

Tena ajifunze nani asipojifunza mwenye nchi? Bataliani ya 6 ya Keya ndiyo iliyogeuzwa kuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961. Kambi ya Colito iliitwa kwa jina la pigano la Uhabeshi la 1941. Januari 1964 askari wake waliasi, wakidai mishahara na maofisa Waafrika, madai yaliyozaliwa Keya. Baadaye kambi ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Mkwawa alilivunja jeshi la Zelewski mwaka 1891. Jina lilibadilishwa kwa haki. Lakini kubadili jina si kuandika historia.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 tulipigana wenyewe, kwa bendera yetu. Mashujaa wamelala Kaboya. Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin, nasi twamshukuru. Kitabu kimoja hakitoshi nchi nzima. Kila brigedi na kila bataliani iliyovuka mto yastahili kitabu chake, kwa Kiswahili, kilichojaa maneno ya koplo na dereva na mpishi, siyo ya majenerali peke yao.

Basi twataka mambo matatu. Uingereza ilete nakala za madaftari yote ya Keya na ya wapagazi katika nyaraka zetu za taifa, na majina yachongwe hapa, penye wajukuu wao. Serikali zetu ziwaandike wapiganaji wa Kagera wangali hai, zisingoje matanga. Na wewe mwananchi, mwenye nishani ya babu sandukuni na cheti chake cha kuachishwa jeshi, usikitupe. Mwandike jina lake, kikosi chake, na mahali alipofia.

Mwacha asili ni mtumwa. Nasi utumwa tulikwisha ukataa.