Kipimo cha wanga chamwacha mgonjwa wa kisukari njia panda

MGONJWA wa kisukari anayetoka kliniki katika miji ya Afrika Mashariki aghalabu huondoka na agizo moja kuhusu chakula: aache sembe, ale dona. Miezi mitatu baadaye hurudi kupimwa wastani wa sukari katika damu. Majibu yakiwa mabaya, hushukiwa kuwa amekiuka masharti. Agizo lenyewe halihojiwi.

Agizo hilo lina msingi. Dona husagwa pamoja na pumba, hivyo hubaki na nyuzinyuzi ambazo mahindi hupoteza yanapokobolewa. Lakini ubora wa wanga hautokani na pumba peke yake. Nafaka iliyosagwa laini humeng'enywa haraka kuliko ile iliyopikwa nzima, na uji laini wa ulezi, ambao sifa zake mitaani zimepindukia, unaweza kupandisha sukari kwa kasi asiyoitarajia mnywaji.

Kipimo cha kasi hiyo kipo tangu mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walipotangaza fahirisi ya glaisemia. Mtu hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enyeka, damu yake hupimwa kwa saa mbili, kisha matokeo hulinganishwa na ya glukosi, ambayo hupewa 100. Chakula chenye 55 au pungufu huhesabiwa kuwa cha chini. Chenye 70 au zaidi ni cha juu.

Kasoro ya fahirisi hiyo ni kwamba haijali kiasi kilicholiwa. Tikiti maji limewahi kuorodheshwa juu ya 70, ilhali gramu 50 za wanga hupatikana katika zaidi ya nusu kilo ya tunda hilo. Ndiyo maana watafiti wa Harvard walianza mwaka 1997 kutumia mzigo wa glaisemia: fahirisi huzidishwa kwa gramu za wanga zilizoliwa, kisha hugawanywa kwa 100. Kwa hesabu hiyo kipande cha tikiti hakina hatia. Mlima wa ugali wa dona unayo.

Hata hivyo, hesabu hiyo hudai jedwali na mizani. Majedwali ya kimataifa, ambayo toleo lake la mwaka 2021 lina vyakula zaidi ya 4,000, yamejaa vyakula vya nchi tajiri. Kanuni nyepesi zaidi, ya angalau gramu moja ya nyuzinyuzi kwa kila gramu 10 za wanga, hufaa kwa mkate wenye lebo. Unga wa mashine ya mtaani hauna lebo, na familia inayokula sinia moja haipimi tonge.

Inabaki damu ya mgonjwa mwenyewe. Akipima kabla ya kula na saa mbili baadaye, ataiona tofauti kati ya ugali mkubwa wenye mchuzi tu na ugali mdogo wenye maharage na mchicha. Chama cha Kisukari cha Marekani huweka lengo la chini ya milimoli 10 kwa lita baada ya mlo kwa watu wazima wengi. Lakini kila mlo unaopimwa hivyo humaliza vijiti viwili, na wengi huvinunua kwa fedha zao.

Kliniki haihitaji kumpa mgonjwa vijiti vya mwaka mzima. Vya kupima milo mitatu au minne anayoila mara kwa mara vingetosha kumpa daktari jambo la kuzungumza naye zaidi ya dona na sembe.