Eti ingekuwa "Lehman Dada" isingeanguka? Mashoga, tusidanganyane

 

Leo nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na lazima nilitoe. Nilikwenda kwenye semina ya wanawake na fedha. Ukumbi umejaa, mitandio ya kila rangi, chai na vitumbua mezani. Msemaji wetu, dada msomi na anayejua kusema, akatueleza habari ya Lehman Brothers, ile benki ya uwekezaji ya New York iliyoanguka mwaka 2008. Brothers maana yake ndugu wa kiume. Basi akasema: lau ingekuwa Lehman Dada, benki ile ingekuwa imesimama mpaka leo. Ukumbi mzima tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, siwafichi.

Maneno hayo si yake. Christine Lagarde, alipokuwa mkuu wa IMF, aliyasema zaidi ya mara moja, na mwaka 2018 aliyaandika tena wakati dunia inakumbuka miaka 10 ya anguko lile. Mama yule ni mtu mzito, na nia yake naifahamu: anataka wanawake zaidi waingie kwenye meza za maamuzi. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba sisi tumelichukua neno lile tukaligeuza sifa. Tunajisifu kwa jambo ambalo hatukulifanya, na huku tunaacha kuuliza swali lenyewe. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo makofi yangu yalivyonitia aibu.

Tuanze na benki yenyewe. Mwaka 1844 Henry Lehman alitoka Bavaria, Ujerumani, akafungua duka la bidhaa Montgomery, Alabama. Nduguze Emanuel na Mayer wakamfuata, na mwaka 1850 duka likaitwa Lehman Brothers. Wakulima wakilipa kwa pamba, nao wakawa wafanyabiashara wa pamba. Pamba ile ililimwa na kuchumwa na watumwa, wake kwa waume. Ni pamba ya mashamba ya kusini kama hayo iliyofumwa ile nguo ya merikani waliyovaa mabibi zetu wa visiwani kabla ya kanga. Kwa hiyo tusiwasafishe. Lakini lishikeni hili moja: duka lilikuwa lao na pesa zao zilikuwa ndani. Likizama, wanazama nalo.

Miaka mingi benki iliendelea hivyo, wenye hisa ndio hao hao washirika wanaoamua. Mwaka 1984 ikauzwa kwa American Express, na mwaka 1994 ikatoka tena kama kampuni ya hisa za kuuzwa sokoni, chini ya Richard Fuld. Tangu hapo waliocheza mchezo walikuwa wakicheza, kwa sehemu kubwa sana, na pesa za wengine.

Na walicheza kweli. Kufika mwisho wa 2007, kwa kila dola moja ya benki yenyewe walikuwa wamebeba mali ya kiasi cha dola 30, zilizobaki zote ni za kukopa. Fanya hesabu kama ya duka lako. Una shilingi laki moja yako, umekopa karibu laki 29, umenunua mzigo wa laki 30. Mzigo ukishuka bei shilingi nne tu katika kila mia, umepoteza laki moja na elfu 20. Laki yako imekwisha na bado unadaiwa. Tena sehemu kubwa ya mikopo ile ilikuwa ya usiku mmoja, inarudishwa asubuhi na kukopwa upya. Siku waliokopesha wakiogopa, huna hata wiki moja.

Mzigo wenyewe ulikuwa nini? Nyumba. Mikopo ya nyumba waliyopewa watu wasioweza kuilipa, kwa masharti mepesi mwanzoni na ya kukaba shingo baadaye. Wanawake walikuwa wengi miongoni mwa waliobebeshwa mikopo ile ya bei ghali, khasa wanawake weusi. Kwa hiyo kabla hatujauliza kama mwanamke angeiokoa benki, tukumbuke kwamba mwanamke alikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo, kule chini, anapolipia.

Sasa tuje kwenye uongo wenyewe. Lehman nayo ilikuwa na wanawake wakubwa! Nitawatajia wawili, na wa tatu wa serikalini.

Wa kwanza ni Madelyn Antoncic. Huyu alikuwa mkuu wa kupima hatari ndani ya benki, mwenye shahada ya uzamivu ya uchumi. Kazi yake ilikuwa kusema: hapa tumezidisha, tusimame. Mwaka 2007, wakati benki inazidi kununua majengo kwa pesa za mkopo, aliondolewa kwenye kiti hicho akapelekwa kwenye kazi ya kushughulika na wadhibiti wa serikali.

Wa pili ni Erin Callan. Desemba 2007 alifanywa mkuu wa fedha wa benki nzima, mwanamke wa ngazi ya juu kabisa pale. Yeye alikuwa mwanasheria wa kodi, hakupandia kwenye uhasibu. Machi 2008, siku chache tu baada ya benki jirani ya Bear Stearns kuokolewa isife, Callan alizungumza na wawekezaji kwa simu, akawatuliza kwa takwimu, na hisa za Lehman zikapanda zaidi ya asilimia 40 siku hiyo hiyo. Alisifiwa vibaya sana. Juni benki ikatangaza hasara ya dola bilioni 2.8, na siku chache baadaye akaondolewa. Sisemi alikuwa mwovu. Nasema alikuwa mwanamke, alikaa kwenye kiti kile kile tunachokitamani, na benki ikaanguka vile vile.

Wa tatu ni Brooksley Born. Huyu hakuwa Lehman. Alikuwa mwenyekiti wa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara za mikataba ya baadaye. Mwaka 1998, miaka 10 kabla ya moto, alisema mikataba ya fedha inayouzwa gizani, nje ya soko rasmi, ichunguzwe. Wakubwa wa uchumi, Alan Greenspan wa Benki Kuu na Robert Rubin wa Hazina, walimpinga hadharani. Bunge likamfunga mikono. Mwaka 1999 akaondoka, na mwaka 2000 ikapitishwa sheria ya kuiacha sehemu kubwa ya mikataba ile bila msimamizi. Mwaka 2009, moto umeshakula, akapewa tuzo ya ujasiri. Tuzo baada ya mazishi, jamani.

Na msidhani ni jinsia peke yake iliyowanyamazisha. Mei 2008, Matthew Lee, mwanamme, ofisa mwandamizi wa hesabu pale Lehman, aliandika barua kwa wakubwa wake kwamba vitabu vya benki vina kasoro. Mwezi uliofuata alikuwa nje. Kwa hiyo aliyesema hapana aliondolewa, avae suti au sketi. Na aliyesema ndiyo alipandishwa, avae suti au sketi. Hilo ndilo gonjwa. Kubadilisha jina la ubao wa mlangoni hakulitibu.

Mnataka kujua ni kasoro gani walikuwa wakizificha? Ilikuja kuanikwa Machi 2010 na Anton Valukas, mchunguzi aliyeteuliwa na mahakama, katika ripoti ya zaidi ya kurasa 2,000. Ujanja wenyewe uliitwa Repo 105. Nitawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Wakwe zako wanakuja Ijumaa kuona hali yako. Alhamisi unazipeleka bangili zako za dhahabu rehani, unapata pesa, unalipa madeni ya dukani, na kwenye daftari unaandika "nimeuza bangili". Wakwe wanakuja, wanaona madeni machache, wanaondoka wanakusifu. Jumatatu unakopa tena, unazikomboa bangili, na madeni yamerudi pale pale. Lehman walifanya hivyo kila robo ya mwaka ikikaribia kufungwa, na katikati ya 2008 walichoficha kwa njia hiyo kilifika kiasi cha dola bilioni 50.

Tumefundishwa deni liandikwe, liwe dogo liwe kubwa, na aya inayolieleza hilo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu. Wengi wetu tukisikia habari za benki za Wazungu tunasema "riba hiyo imewamaliza", tunafunga mazungumzo, tunajiona tumeshapita salama. Riba ni riba, sina la kupunguza. Lakini aliyeandika rehani akaiita mauzo amekosea kwa kalamu pia, na kosa la kalamu linaweza kufanywa na mtu asiyegusa riba maisha yake yote. Tusijifiche nyuma ya neno moja.

Tarehe 15 Septemba 2008, siku ya Jumatatu, Lehman ikaomba hifadhi ya mahakama ya muflisi. Benki ya miaka 158, mali iliyoandikwa dola bilioni 639, muflisi mkubwa kuliko wote katika historia ya Marekani. Wafanyakazi kiasi cha 25,000 wakabaki hawajui kesho yao. Kesho yake serikali ikaitolea kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85 isife nayo.

Na huko Hong Kong, mbali kabisa na New York, zaidi ya watu 40,000 walikuwa wameuziwa na mabenki ya mtaani hati zilizofungamana na Lehman. Wengi walikuwa wazee, akiba zao za uzeeni. Jina la hati zile lilizifanya zisikike kama dhamana ndogo za kawaida, kumbe zilikuwa kitu kingine kabisa. Walisimama nje ya mabenki miezi na miezi na mabango mikononi. Mwaka 2009 wakakubaliwa warudishiwe asilimia 60 ya pesa zao, na wenye miaka 65 na zaidi asilimia 70. Waulizeni wazee wale kama wangejali mkuu wa benki ni kaka au dada.

Fuld aliitwa mbele ya kamati ya Bunge Oktoba 2008. Mwenyekiti Henry Waxman alimwambia amelipwa karibu dola milioni 480 tangu mwaka 2000, akamuuliza kama hiyo ni haki. Fuld akabisha kwamba ni pungufu ya hapo. Sikilizeni alichobishia: kiasi! Hakuna mkubwa hata mmoja wa Lehman aliyefungwa.

Najua mtaniambia: mbona Iceland, kisiwa kama chetu, mabenki yalipokufa Oktoba 2008 walikabidhiwa wanawake wawili kati ya yale mabenki mapya? Ni kweli. Na mwaka uliofuata nchi ikapata waziri mkuu mwanamke wa kwanza. Lakini tazameni wakati walioitwa. Sherehe imekwisha, sahani chafu zimejaa, ndipo akinamama wakaitwa kuosha. Nyinyi mnaiita hiyo heshima? Mimi naijua tangu utotoni, inaitwa zamu ya jikoni.

Na mimi nina sababu yangu ya kutoamini kwamba uanamke ni dhamana. Niliwahi kuingia mchezo wa pesa, wanawake 20, hakuna mwanamme hata mmoja. Kijumbe mwenzetu, mpole, wa swala tano, daftari analishika peke yake kwa sababu kumuuliza tuliona haya. Mwezi wa tisa hakuonekana. Kulikuwa na mama miongoni mwetu aliyekuwa akingoja zamu yake alipe ada ya skuli ya wanawe wawili. Nilikaa naye barazani siku ile. Sikuwa na la kumwambia, maana mwezi wa sita nilishaona hesabu haikai sawa, nikanyamaza nisionekane mchokozi. Hiyo ilikuwa Lehman Dada yetu, na mimi nilikuwa ndani.

Kwa hiyo dada zangu, tukitaka viti vile, na tuvitake kwa nguvu, tuvitake pamoja na haya: daftari lifunguliwe mbele ya wote, anayeamua awe na pesa zake mwenyewe hatarini, na anayesema "hapa pana kasoro" asifukuzwe wala asitengwe. Mwanamke anayeingia kwenye kiti bila mambo hayo ataifanya kazi ile ile iliyofanywa kabla yake, kisha akitimuliwa tutaambiwa wanawake hawawezi.

Katika mchezo wako, kikoba chako au saccos yako, mwezi huu omba kuliona daftari. Watakuona mchokozi. Wacha wakuone hivyo, maana mimi niliyeogopa kuonekana mchokozi nilikaa barazani na mama analia.

Tuonane wiki ijayo, inshaallah.