Nyota wanaokufa mapema: ni nani aliyekuwa akila jasho lao?

Kila mara mwimbaji maarufu anapokufa angali kijana, maelezo mawili huzunguka haraka katika simu za vijana wetu, hata katika vikundi vya WhatsApp vya makanisa. Ya kwanza husema aliuza roho yake: alifanya agano na shetani, akapewa sauti na fedha, kisha siku ya kulipa ikafika. Ya pili huhesabu miaka. Jimi Hendrix na Janis Joplin walikufa mwaka 1970, Jim Morrison 1971, Kurt Cobain 1994, Amy Winehouse 2011, na wote walikuwa na umri wa miaka 27. Basi watu husema namba hiyo ina siri yake.

Tuanze na namba, maana hiyo ni rahisi. Mwishoni mwa mwaka 2011 jarida la waganga la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchunguzi juu ya wanamuziki 1,046 ambao albamu zao zilishika nafasi ya kwanza nchini humo kati ya 1956 na 2007. Watafiti hawakuona vifo vikiongezeka kwenye umri wa miaka 27. Waliona jambo jingine, lisilo na utamu wa siri lakini zito zaidi: wanamuziki maarufu wenye umri wa miaka ya ishirini na thelathini walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili hadi tatu kuliko watu wengine wa rika lao. Hatari ipo, ila haikai ndani ya namba.

Kuhusu agano na shetani, hakuna mchungaji atakayewaambia kwamba shetani hayupo. Lakini maelezo haya yana faida moja kubwa kwa wanaoyatoa: yanamaliza mazungumzo. Shetani akishatajwa, hakuna tena anayeuliza meneja alikuwa wapi, daktari alikuwa akifanya nini, familia ilijua nini, na tiketi za onyesho lililofuata zilikuwa zimekwisha kuuzwa ngapi.

Tutazame kifo cha Amy Winehouse. Wimbo uliompa sifa duniani kote unaitwa Rehab, na habari yake ni mtu anayekataa kupelekwa kwenye matibabu ya ulevi. Habari hiyo ilikuwa ya maisha yake mwenyewe. Mwezi wa Februari 2008 alishinda tuzo tano za Grammy kwa usiku mmoja, na wimbo huo ulichangia tatu kati yake. Tufikiri kidogo: dada mgonjwa aliimba juu ya kukataa dawa, na ulimwengu ukasimama kumpigia makofi. Tarehe 18 Juni 2011 alipandishwa jukwaani Belgrade, Serbia, akiwa hawezi kusimama vizuri wala kukumbuka maneno ya nyimbo zake. Watu waliolipa kiingilio walimzomea. Video ya usiku ule ilitazamwa na mamilioni, wengi wao kwa kucheka. Tarehe 23 Julai alikutwa amekufa nyumbani kwake London. Vipimo vilionyesha kilevi katika damu miligramu 416 kwa kila mililita 100, zaidi ya mara tano ya kiasi anachoruhusiwa dereva wa Uingereza. Alikuwa amejitahidi kuacha kwa majuma machache, kisha akarudia. Mwili uliopumzika na pombe hauwezi tena kubeba kiasi kile kile ulichozoea zamani, ndiyo maana kurudia huua wengi.

Hakuna siri katika habari hii. Kila mtu alijua. Swali ni kwa nini walio karibu wanajua na safari ya kwenda jukwaani bado inapangwa.

Jibu letu ni hili: kipaji kikubwa kinamgeuza mtu kuwa shamba la watu wengi. Nyota mmoja analisha wapiga ala, wacheza dansi, dereva, walinzi, meneja, kampuni ya rekodi, mjomba aliyejenga nyumba, mdogo wake anayesoma. Wote hao wanampenda, pengine kwa kweli. Lakini wote wanahitaji apande jukwaani Jumamosi. Siku atakayolazwa miezi sita, mishahara yote italazwa naye. Basi kila mmoja hungoja mwingine aseme neno.

Michael Jackson anaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko wote. Mwaka 2009 alikuwa ameahidi maonyesho 50 katika ukumbi wa O2, London. Hakuweza kulala. Daktari wake binafsi, Conrad Murray, aliyekuwa ameahidiwa dola 150,000 kwa mwezi, alikuwa akimpa chumbani propofol, dawa ya usingizi inayotumika hospitalini wakati wa upasuaji, chini ya ulinzi wa mashine. Jackson alikufa tarehe 25 Juni mwaka huo akiwa na miaka 50. Mahakama ya Los Angeles ilimtia daktari hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka minne. Hatumhukumu mara ya pili. Ila mganga ambaye mshahara wake unategemea mgonjwa aende kazini, atamwambiaje mgonjwa huyo apumzike?

Na kuna Whitney Houston, ambaye habari zake zinatugusa sisi wa makanisa moja kwa moja. Alilelewa ndani ya New Hope Baptist Church, mjini Newark, ambako mama yake Cissy aliongoza kwaya. Huko ndiko sauti ile ilikofunzwa, kabla ya filamu ya The Bodyguard ya mwaka 1992 na wimbo uliokaa nafasi ya kwanza Marekani majuma 14. Mwaka 2009 alieleza mwenyewe kwenye televisheni jinsi kokeini ilivyokula miaka yake. Tarehe 11 Februari 2012, siku moja kabla ya tuzo za Grammy, alikutwa amekufa ndani ya bafu la chumba chake cha hoteli, Beverly Hills. Alikuwa na miaka 48. Wachunguzi waliandika kwamba alizama majini, na kwamba ugonjwa wa moyo na kokeini vilichangia. Katika hoteli ile ile, jioni ile ile, ilikuwa imepangwa karamu kubwa ya watu wa muziki, ambayo yeye mwenyewe alitazamiwa kuhudhuria. Karamu haikuahirishwa. Wageni walikula na kusikiliza nyimbo chini, na maiti ilikuwa bado juu.

Binti yake wa pekee, Bobbi Kristina, naye alikutwa hajitambui ndani ya bafu mwezi wa Januari 2015. Alikufa Julai, akiwa na miaka 22.

Mtu wa Uvira au Lubumbashi anaweza kusema hayo ni mambo ya wazungu wenye dola. Sivyo. Ukubwa wa fedha unatofautiana, lakini mpango ni ule ule. Tazameni mpiga kinanda hodari wa kwaya yoyote katika miji yetu. Jumamosi anapiga kwenye arusi, usiku anapiga kwenye kesha, asubuhi yuko ibadani, mchana wanamchukua kwenye kilio. Kila mahali anapewa soda na shukrani. Nyuma ya nyumba kuna mtu wa kumpa lutuku ili asisinzie. Miezi inapita, harufu inaanza kusikika hadi kwenye viti vya mbele, na viongozi wanatazamana. Lakini Pasaka imekaribia na hakuna mwingine anayejua kupiga nyimbo zile. Anaachwa aendelee. Siku anaposhindwa kabisa, ndipo anasimamishwa mbele ya kanisa na kutengwa, kana kwamba ulevi umeanza juma lile.

Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika alimletea mkate na maji na kumwacha alale tena. Hotuba ilikuja baadaye sana. Kwetu mpangilio huu mara nyingi hugeuzwa.

Wapo waliopona, na inafaa kuona ni kwa njia gani. Elton John, aliyekuwa mtumwa wa kokeini na pombe kwa miaka mingi, aliingia hospitali moja karibu na Chicago mwaka 1990, kisha akakaa mbali na kazi kwa muda mrefu. Muziki wake haukufa kwa sababu yeye alinyamaza. Eric Clapton, baada ya kuacha, alifungua kituo cha matibabu kisiwani Antigua mwaka 1998.

Hapa kwetu kuna jambo la hatari ambalo lazima tuliseme. Familia nyingi humpeleka mlevi kwenye chumba cha maombi, wakamfungia siku tatu au saba bila chakula wala kinywaji, ili pepo la pombe limtoke. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafula namna hiyo, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo, kupata mishtuko kama ya kifafa, na kufa. Wengine watadhani ni pepo linapigana. Ni mwili unaodai kitu ulichozoea, na kuna dawa za kuutuliza. Apelekwe hospitalini siku ile ile. Maombi yafanyike kando ya kitanda. Akiwa Bukavu kuna SOSAME, akiwa Goma kuna Tulizo Letu, vituo vya Mabruda wa Upendo vinavyopokea wagonjwa wa akili, na kumpeleka mwana wa Kiprotestanti kwa Wakatoliki si dhambi.

Gharama ya kitanda inaweza kutoka katika sanduku la kwaya, lile lile lililonunua sare za Pasaka.