Uliagiza Simu ya GB 128, Ikaja ya 16: Mbona Doh Haitaki Kurudi?

Wasee wa Mukuru kwa Reuben wanaijua hii stori hata kabla uimalize. Ni mwisho wa mwezi, vibarua vya Industrial Area vimelipa, uko kejani unaperuzi Facebook ukingoja ugali iive. Unaona simu. Imeandikwa mpya kabisa, memori GB 128, bei elfu sita. Unabonga na muuzaji, anakuita "boss wangu", unatuma doh. Jioni boda anakupigia umpate stejini, juu nyumba yako haina namba na hakuna venye angeipata. Unafungua kifurushi ukifika nyumbani. Memori ni GB 16, na pembeni kuna alama za mtu alishaifungua na bisibisi.

Unapiga simu, inakatwa. Unaandika WhatsApp, tiki moja. Hapo unajua ushablokiwa.

Wazee waliita hii kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi gunia limebandikwa picha safi sana. Swali la maana ni hili: kama kitu si kile uliambiwa, mbona kurudishiwa pesa ni vita?

Sheria iko, na iko upande wako

Wengi mtaani hudhani ukishalipa imeisha. Zii. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na fidia akipata hasara kwa sababu bidhaa ina kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataja waziwazi kwamba kusema kitu ni kipya wakati kishatumika ni udanganyifu, na ukidanganywa hivyo unaweza kuvunja hayo makubaliano.

Kuna nyingine ya kitambo zaidi, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ile Sura ya 31. Inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kifanane na hayo maelezo. Sasa fikiria: ukinunua mtandaoni unanunua nini kama si maelezo? Hujashika, hujajaribu, hujanusa. Picha na maneno ndiyo mali yote uliyoonyeshwa.

Hiyo sheria ina kitu kingine ambacho watu wachache wanajua. Ukikataa bidhaa kihalali, haulazimiki kuibeba umrudishie muuzaji, isipokuwa kama mlikubaliana hivyo. Inatosha kumwambia umeikataa. Kwa hivyo yule anakuambia "ilete Luthuli kwanza, kwa nauli yako, ndio tuongee" anakuchezea tu. Na ile karatasi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" haifuti haki ulizopewa na sheria ya 2012.

Lakini usichanganye mambo mawili. Uingereza, bidhaa nyingi ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili nia, hata kama kitu kiko fiti. Kwetu, kusema "rangi haijaniingia" hakukupi nguvu kama hiyo. Unachohitaji ni kuonyesha kwamba muuzaji alisema A na akaleta B.

Hesabu ndiyo inatumaliza

Kama sheria ni tamu hivi, mbona watu bado wanapigwa? Piga hesabu. Umeuziwa spika ya thao moja na nusu ambayo haishiki chaji. Ukitaka kuifuatilia unahitaji bando, nauli ya kwenda tao na kurudi, na siku moja ya kibarua ambayo hutalipwa. Ukirudi na pesa yako yote, bado umeingia hasara. Ukirudi mikono mitupu, umepigwa mara mbili.

Muuzaji mjanja anaijua hiyo hesabu kukuliko. Hakuibii elfu hamsini, kwa sababu kwa elfu hamsini utamtafuta hadi umpate. Anachukua kile kiasi kitakufanya useme "wacha tu, Mungu atanilipia". Watu mia wakisema hivyo, yeye ameomoka.

Mtu wa Kilimani ana mlango wenye namba, ana mlinzi wa kupokea mzigo, na akikosa kazi saa mbili hakatwi mshahara. Msee wa Wesinya ama Gatoto anapokea mzigo barabarani huku boda akiwasha injini aende. Ule wakati wa kukagua kitu, ambao ndio ungemwokoa, hana.

M-Pesa ilizaliwa kutuma, haikuzaliwa kushikilia

Hapa ndipo penye shida kubwa. M-Pesa ilianza Machi 2007, kazi yake ikiwa kutuma pesa nyumbani. Ukimtumia shosho ocha, unataka ifike saa hiyo hiyo na ikae huko. Huo uzuri ndio sumu yake kwa biashara ya watu wasiojuana. Pesa inafika kabla mzigo haujafika, na ikifika imefika.

Wengi hukimbilia kuomba Safaricom irudishe muamala. Lakini ile huduma iliwekwa kwa mtu aliyetuma kwa namba isiyo yake. Haikuwekwa kuamua nani amedanganya nani kuhusu simu. Na kama mwenye namba ashatoa hiyo doh, hakuna cha kurudisha.

Uchina walikutana na hofu hii hii Taobao ilipoanza 2003. Mnunuzi hakuamini muuzaji, muuzaji hakuamini mnunuzi. Wakaunda Alipay: pesa inakaa katikati, mzigo unatumwa, mnunuzi akithibitisha ndio muuzaji analipwa. Wao walijenga uaminifu ndani ya malipo yenyewe. Sisi tulijenga spidi, uaminifu tukauacha kwa "boss wangu".

Ndiyo maana si masoko yote ya mtandaoni yako sawa. Jumia na Kilimall ziko na mtu wa katikati: unalipa kupitia soko, kuna utaratibu wa kurudisha bidhaa, na kuna siku za mwisho za kufanya hivyo. Jiji na Facebook Marketplace ni kama ubao wa matangazo. Mnakutana hapo, lakini pesa na mzigo ni nyinyi wawili na bahati yenu. Statasi ya WhatsApp ni hivyo hivyo, ikiwa hata ubao hauna.

Muuzaji pia ni mtoto wa mtaa

Tusijifanye wauzaji wote ni makonmani. Vijana kibao hapa Reuben wanauza mtandaoni bila duka. Mmoja anachukua picha kwa mwenye stoo Kamukunji ama Eastleigh, anaongeza soo mbili, anaposti. Rafiki yake anaikopi, anaongeza yake. Ikikufikia, maelezo yamepita simu nne na hakuna hata mmoja kati yao ameishika hiyo spika. Wakati mwingine aliyekudanganya naye alidanganywa.

Kisheria hiyo haimwokoi. Ulinunua kwake, yeye ndiye unamdai, naye amdai aliyemuuzia. Lakini kiukweli hana stoki, hana akiba, na pesa yako ishalipa mwenye stoo. Akirudisha anakula hasara peke yake, kwa hivyo anazima simu.

Na kuna wanunuzi pia ambao ni noma. Kuna wanaopokea mzigo kisha wanaomba muamala urudishwe. Kuna wanaovaa viatu kwa harusi Jumamosi na kuvirudisha Jumatatu na vumbi la Lunga Lunga. Kila mmoja wao anamfanya muuzaji mwaminifu aogope hata yule mwenye malalamiko ya kweli.

Sasa ufanye nini?

Kabla ulipe, piga picha ya tangazo likiwa na bei, maelezo na jina la akaunti. Posti hufutwa, picha yako haifutwi. Muulize muuzaji kwa maandishi: ni mpya? GB ngapi? Kisiwe hivyo, unanirudishia? Jibu lake ndilo ushahidi. Na kama anakataa kabisa ulipe mzigo ukifika, jiulize anaogopa nini.

Mzigo ukija, fungua hapo hapo stejini boda akiwepo, mwingine akirekodi video. Kwa simu, bonyeza *#06# uone kama namba inalingana na ile ya kwa boksi, halafu ingia kwa mipangilio uangalie memori.

Kikiwa kibaya, andika siku hiyo hiyo: "Nimekataa hii bidhaa, si ile uliniuzia, naomba pesa yangu." Usiendelee kuitumia. Ukikaa nayo wiki tatu ukicheza nayo muziki, sheria inaweza kukuhesabu umeikubali, na hapo utabaki kudai fidia badala ya pesa yote.

Akinyamaza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani 2021: inasikiza madai hadi milioni moja, kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ile meseji ya M-Pesa yenye jina lake usiifute, juu huwezi kushtaki "boss wangu".

Kwa wewe unayeuza: posti picha ya kitu chenyewe, wala si ya intaneti. Andika kasoro zake. Sema mapema nani atalipa boda wa kurudisha. Ukikosea, rudisha doh siku hiyo, hata kama inauma. Huku kwetu habari husafiri haraka kuliko bando, na jina likishaharibika halina pa kurekebishwa.

Lakini mzigo wote usiwekwe kwa mtu wa kejani. Kampuni zinazopitisha hizi pesa zina uwezo wa kuunda njia ya kushikilia malipo hadi mzigo ukaguliwe, hata kwa oda ya jirongo. Mpaka hiyo ije, msee wa Reuben ataendelea kukagua simu gizani kando ya barabara, tochi mdomoni, huku boda akimwambia afanye haraka.